Saa za kwenye logibuku ya rubani: vipi nijue zimeruka kweli au zimeandikwa tu?

DawatiLaNdege, Unguja

Assalaam alaykum wanabarza. Nawaomba wanaoijua kazi hii wanisaidie. Nashughulikia maombi ya marubani wa ndege ndogo za Cessna Caravan kwa safari za Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Masharti yetu ni leseni ya biashara, yaani CPL, saa 800 za kuruka kwa jumla, na kati ya hizo 200 ziwe za Caravan. Karibu kila mwombaji anatimiza masharti, na wengi wanayatimiza kwa saa tatu nne tu juu ya kiwango. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Nina maswali matatu. Nikishaishika logibuku ya mtu, yaani kitabu cha saa zake za kuruka, nianzie wapi kuihakiki bila ya kumdhulumu aliye mkweli? Saa za kijana aliyekaa kiti cha kulia cha Caravan, yaani cha rubani msaidizi, zihesabiweje? Na la mwisho: wenye kampuni wanasema leseni imetoka mamlaka, basi yatosha, mengine ni kuchelewesha ajira. Nataka hoja za kuwapelekea.

BiRekodi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Safari moja ya ndege huandikwa mahali pengi, na logibuku ya rubani ni mahali pamoja tu. Kuna teklogi, yaani kitabu cha safari na ufundi cha ndege yenyewe, mpango wa safari uliopelekwa kwa waongoza ndege, kumbukumbu za mnara za saa ya kupaa na kutua, ankara ya ada ya kutua, risiti ya mafuta na orodha ya abiria. Anayeghushi huandika kitabu chake, hivyo vingine haviko mkononi mwake.

Huku kwetu jua nani ana nini. Uwanja wa Abeid Amani Karume na ule wa Pemba uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, kwa hiyo mambo ya ada ya kutua anzia huko. Leseni na uongozaji wa ndege ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, maana anga ni jambo la Muungano. Teklogi iko kwa kampuni iliyokuwa na ndege. Kabla ya kuandika barua yoyote, mwombaji akusainie fomu ya ridhaa kwamba unaruhusiwa kuuliza.

Usijaribu kuhakiki mistari yote, utachoka ukiwa hujafika popote. Chagua kama mistari 30, na usiichague kwa kubahatisha. Chukua ile iliyobeba masharti: wiki chache kabla hajapata CPL, saa za usiku, saa za kuruka kwa ala, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani bila ya kuona nje, saa alizojiandika kuwa yeye ndiye rubani kiongozi, na saa za Caravan zilizomfikisha kwenye 200. Mtu haghushi saa asiyoihitaji.

Kisha fanya haya.

Jumlisha mwenyewe. Hila nyepesi kuliko zote iko chini ya ukurasa, pale jumla inapobebwa kwenda ukurasa wa pili. Safari zote za ukurasa ni za kweli, lakini 412.6 ikivuka inakuwa 512.6. Mkaguzi anayeangalia safari mojamoja haoni kitu.

Angalia tarakimu baada ya nukta. Sisi tunaandika kwa sehemu ya kumi, dakika sita ni 0.1. Kitabu cha mtu aliyeruka kweli kina 0.4, 0.3, 0.6, kina siku aliyorudi kwa hali ya hewa, kina siku aliyozungushwa juu ya bahari akisubiri zamu ya kutua. Ukiona 1.0, 1.5, 2.0 zimefuatana kurasa tatu, simama hapo.

Pima umbali. Dar hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama maili 39 za baharini, Unguja hadi Pemba kama 68. Caravan inakwenda kama maili 160 kwa saa. Safari ya Dar ni robo saa hewani, ya Pemba ni dakika 25 na kidogo. Ukiongeza kutembea ardhini, ya Dar inakuwa kama 0.4 na ya Pemba 0.5 au 0.6. Kuna siku zitazidi kwa sababu ya foleni au mvua. Lakini Dar–Unguja ya 0.8 kila siku kwa miezi miwili haielezeki.

Angalia jua. Usiku wa kwenye logibuku hauanzi na adhana ya magharibi, unaanza pale mwanga wa machweo unapokwisha, na kwa latitudo yetu ni kama dakika 20 baada ya jua kuzama. Jua letu huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni mwaka mzima. Safari iliyokwisha saa 12 na nusu ya mwezi wa pili, wakati jua bado liko juu, haina hata dakika moja ya usiku. Hapa kuwa na hadhari: vitabu vingi vimeandikwa kwa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. 1500 ya UTC ni saa 12 kamili jioni ya kwetu. Wapo wanaochanganya bila ya nia mbaya, hivyo tazama kama kosa linakwenda pande zote mbili au linamfaidisha yeye tu.

La mwisho, uhai wa uwanja. Kila uwanja una saa za kazi zilizotangazwa kwenye kitabu cha taarifa za anga cha nchi, na kila mabadiliko yana tangazo lake kwa marubani. Kutua kwenye uwanja uliokuwa umefungwa saa hiyo ni mstari wa kuuliza.

FundiHanga

Bi Rekodi kasema vyema, naongeza ya upande wa ndege.

Kwanza kosa ambalo wahakiki wapya hulifanya. Saa za ndege na saa za rubani hazilingani, wala hazitakiwi kulingana. Muda wa rubani huanza ndege inapojongea kwa ajili ya kupaa hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Muda tunaoutumia kwenye matengenezo ni wa hewani, kutoka magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapogusa. Kwenye safari ndefu tofauti hiyo haionekani, lakini kwa ndege zetu za kuruka na kutua ni kubwa mno. Kwa hivyo usimwite mtu mwongo kwa kuwa kaandika 0.4 na teklogi inasema dakika 16.

Njia ya haki ni ya mwezi mzima kwa ndege moja. Tuseme teklogi inaonesha saa 92 za hewani na mara 310 za kutua. Mpe kila mtuo dakika 8 za kutembea ardhini: 310 mara 8 ni dakika 2,480, yaani saa 41 na kitu. Saa zote za marubani viongozi wa ndege hiyo kwa mwezi huo zikiwekwa pamoja zisizidi sana 133. Zikifika 170, kuna saa 37 ambazo hazina ndege. Hapo bado hujui nani, lakini unajua zipo, na unaanza kutafuta safari ambazo marubani wawili wamejiandika viongozi kwa wakati mmoja.

Pili, tarehe za hanga, yaani karakana ya ndege. Ndege ikiwa kwenye ukaguzi mkubwa au inasubiri kipuri, kuna karatasi ya kazi yenye tarehe ya kuingia na cheti cha kurudishwa kazini chenye tarehe ya kutoka. Linganisha na namba ya usajili, ile inayoanza na 5H, kwenye kitabu cha mwombaji. Anayeghushi huchagua namba anayoikumbuka, na hana habari kwamba siku ile ndege ilikuwa haina injini.

Mafuta nayo yanasema. Caravan yenye injini ya PT6A-114A hunywa kiasi cha lita 190 hadi 200 kwa saa. Siku iliyoandikwa saa 5 huku risiti na kipimo cha matangi vinaonesha lita 500 zimetumika, ina nusu tu ya ukweli.

Na ukitaka kujua saa 200 za Caravan ni za kweli, mtazame akiwasha injini. Huyu aliyeandika tu anajua hatua kwa kusoma. Utaona anasukuma wenzo wa mafuta mapema, kabla mzunguko wa kizazi cha gesi, sehemu ya injini inayozungushwa na stata, haujafika asilimia 12 na kutulia. Au betri ni dhaifu, mzunguko unapanda kwa uvivu, na yeye haioni. Mafuta yanaingia, hewa haitoshi kupoza, joto linaruka. Kikomo cha joto wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, na hapo ni kwa sekunde mbili tu. Aliyewasha mara mia nne, jicho lake liko kwenye kipimo cha joto na mkono hauachi wenzo, joto likikimbia anakata mafuta papo hapo na kuacha stata iendelee kupuliza. Asiyewasha huganda. Sekunde nne hizo zinaunguza visu vya tabini, na gharama ya kuifungua injini hiyo huwaumiza wenye kampuni kuliko mshahara wa rubani wa mwaka. Wapelekee hoja hiyo kwanza.

Kitu kingine cha kutazama ni wenzo wa dharura wa nishati uliopo kwenye Caravan. Ukiachwa nje ya mahali pake wakati wa kuwasha, mafuta huingia kwa wingi. Rubani wa kweli huugusa kuhakikisha uko sawa hata akiwa anazungumza.

DawatiLaNdege, Unguja

Shukran sana nyote wawili. Hilo la kulinganisha saa za ndege na za marubani tungelikosea moja kwa moja. Bado nasubiri la kiti cha kulia. Nina waombaji wanne ambao zaidi ya nusu ya saa zao ni za hapo.

KepteniMkufunzi

Ndugu, Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kiambatisho cha 1 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinasema hivi kwa ndege ya aina hiyo: ikiwa nchi imelazimisha awepo rubani msaidizi, muda wake utahesabiwa si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu, nchi isiporuhusu vingine. Kwa hiyo aliyekaa kulia kihalali saa 400, kwa njia ya ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani wa mashirika ya ndege, kwa kawaida ana 200.

Sasa tazama neno “imelazimisha”. Mara nyingi huku kwetu si nchi iliyotaka watu wawili mbele, ni bima, au wakala wa watalii, au kampuni yenyewe kwa hekima yake. Hapo kuna swali kama saa hizo zinahesabika hata kidogo, na jibu ulipate TCAA kwa maandishi, lisiwe la mtu wa barazani. Kijana aliyeandika wazi safu ya msaidizi na kusema “nilikaa kulia, kapteni alikuwa fulani” huyo ni mkweli, hata kama saa hazihesabiki. Wa kumwogopa ni aliyekaa kulia akazihamishia safu ya rubani kiongozi.

Pia usikimbilie kuhukumu vitabu vya waliosomea Marekani. Kule rubani wa usalama anayekaa kando ya mwenzake aliyezibwa asione nje anaweza, kwa masharti, kuandika muda huo wakati mwenzake naye anaandika. Mamlaka nyingi nyingine hazikubali. Utaona watu wawili wana saa ileile na wote wamefuata sheria ya mahali pao. Katika hesabu yako waondoe, katika fikra zako wasiwe waongo.

Sasa nije kwenye usalama. Jumla kubwa hainitishi sana. Mtu mwenye saa 650 aliyesema 800 ni mwongo na simtaki, lakini anajua kurusha ndege. Kinachoua ni saa za aina maalumu. ICAO inataka ATPL iwe na saa 1,500, na ndani yake 100 za usiku na 75 za ala, ambapo za simuleta ya ardhini zisizidi 30. Hizo 100 na 75 ndizo ngumu kuzipata kwenye visiwa vyetu, maana safari nyingi ni za mchana na za kuona kwa macho. Kwa hiyo ndizo zinazoghushiwa.

Fikiria anachokutana nacho mwenye saa 75 za ala za kuandika. Anatoka Unguja kwenda Pemba jioni, anavuka Nungwi, chini bahari nyeusi. Usiku wa giza, mwezi haupo, ndio wavuvi wa dagaa wanatoka kwa wingi na taa zao. Mbele yake kuna nyota juu na taa chini, na mstari wa kutenganisha haupo. Taa za madau zikipangika kwa mshazari, macho yanazichukua kuwa ndio upeo wa macho, na mkono unailaza ndege kuzifuata. Masikio ya ndani hayamwambii kitu, maana mlalo wa polepole hayausikii. Ala zinasema ndege imelala nyuzi 30 na inashuka, mwili unasema tuko sawa. Aliyefanya kazi hiyo kweli huamini ala. Asiyefanya huamini mwili, anavuta usukani kuzuia kushuka, na kwa kuwa ndege imelala, kuvuta kunakaza mzunguko tu na kushuka kunaongezeka.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya ala kwa kuwatia kwenye hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wastani ulikuwa sekunde 178. Kutoka Nungwi hadi Pemba ni zaidi ya hizo kwa mbali, na masika mawingu yakishuka hata mchana unakuwa hivyohivyo.

Kwa usaili wako, mchukue hewani au kwenye simuleta saa moja na nusu pamoja na mkufunzi aliyeidhinishwa, ndege isiwe na abiria. Mfunike asione nje. Mpe mwelekeo na urefu, kisha mwongeze mzigo kidogo kidogo: badilisha redio, msomee ruhusa ndefu airudie, mzimie ala moja, mtake aingie kwenye mzunguko wa kusubiri, amalizie kwa kushuka kuelekea uwanja. Viwango vya mtihani wa ala vya Marekani ni futi 100 za urefu, nyuzi 10 za mwelekeo na noti 10 za kasi, yaani maili 10 za baharini kwa saa. Mtu wa kweli aliyekaa muda bila ya mazoezi atatoka nje ya viwango, lakini atajiona na kujirudisha. Wa kuandika anafukuza sindano moja huku nyingine mbili zinamkimbia, na unapomsomea ruhusa ndefu, mikono inasimama.

MpembaCPL

Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini hapa mnawabana vijana. Safari ya dakika 22 mtu akiandika 0.5 badala ya 0.4, huyo naye mghushi? Sote tunajua kuzungusha namba ni kawaida. Na mwenye saa 300 haajiriwi popote, hata awe hodari vipi, halafu kampuni zinashangaa vitabu vinavimba.

BiRekodi

Mwanangu, la pili nakubaliana nawe kabisa. Sharti la saa likiwekwa juu bila ya kutoa njia ya kulifikia, linazalisha uongo. Kampuni yenye nia njema ingechukua vijana wa saa 300 na kuwalea kwa mpango ulioidhinishwa, saa zao zikaandikwa na kusainiwa kila siku.

La kwanza sikubali, na nakuwekea hesabu. Dakika 22 ni 0.4 ukizungusha kwa kanuni. Chukua mtu anayeongeza 0.2 kila safari, kwa sababu ukishazoea 0.1 haikutoshi. Safari 8 kwa siku ni 1.6. Siku 20 za kazi kwa mwezi ni 32. Kwa mwaka ni 384. Huyo atafika 1,500 akiwa na karibu theluthi ya saa zake hazijawahi kuruka. Kwa safari ndefu za saa sita, 0.2 si kitu. Kwa safari zetu za dakika 20, ndio mwanya mkubwa kuliko wote, na kwa kuwa kila mstari ni mdogo, hakuna mstari hata mmoja utakaoonekana mbaya.

Tena kuna ughushi wa kwenda chini ambao hauzungumzwi. Msimu wa watalii, Julai hadi Septemba na tena Disemba, mtu anaruka mpaka anagusa kikomo cha saa. Ulaya, kwa mfano, kikomo ni saa 100 ndani ya siku 28 na 900 kwa mwaka wa kalenda. Basi anaandika pungufu, au safari inawekwa jina la mwenzake aliyepumzika. Rubani aliyechoka anaonekana karatasini kama aliyelala. Na yule aliyepewa jina anaonekana amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kama inavyotakiwa kwa kubeba abiria, kumbe hajagusa usukani. Uongo mmoja umeharibu rekodi za watu wawili. DawatiLaNdege, hili nalo likague ndani ya kampuni yako kabla hujakagua wageni.

Na vijana, ukikosea kuandika, usifute kwa rangi nyeupe wala kuchana ukurasa. Piga mstari mmoja ili cha chini kisomeke, andika lililo sahihi pembeni, tia tarehe na saini. Kitabu chenye marekebisho ya wazi kina heshima. Kama unatumia cha kielektroniki, chagua programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, na chapa nakala kila mwezi isainiwe na mkuu wa marubani.

MezaYaUsalama

Kwa wenye kampuni wanaosema leseni yatosha, wapelekee mifano hii.

China, tarehe 24 Agosti 2010, Embraer 190 ya Henan Airlines ilianguka ikitua Yichun kwenye ukungu. Watu 44 kati ya 96 walikufa. Wachunguzi walisema kapteni alishuka chini ya kiwango bila ya kuiona njia ya kutua. Baada ya ajali hiyo ikajulikana kuwa ukaguzi wa mamlaka ya China wa 2008 na 2009 uliwakuta marubani zaidi ya 200 wenye maelezo ya uzoefu yaliyoghushiwa, kama nusu yao wakiwa wa Shenzhen Airlines, kampuni mama ya Henan. Usafiri wa anga ulikua haraka kuliko marubani walivyopatikana, wakachukuliwa watu kutoka jeshini na kurekodiwa uzoefu usiokuwepo. Wote hao walikuwa na leseni.

Marekani, 23 Februari 2019, Boeing 767 ya mizigo ya Atlas Air iliingia Trinity Bay, Texas, wakafa wote watatu. Ndege iliingia kwa bahati mbaya kwenye hali ya kupanda tena, rubani msaidizi akahisi kama inainuka pua, akaisukuma chini. Bodi ya uchunguzi ilikuta kuwa aliwahi kufeli mafunzo kwa waajiri wengine na hakuyataja yote alipoomba kazi. Saa zake zilikuwa nyingi. Kilichofichwa ni alivyozitumia. Kwa hiyo kwenye fomu yako ya maombi ongeza swali la kufeli mtihani au mafunzo popote, na waandikie waajiri wote wa nyuma, si wa mwisho pekee.

Afrika Kusini, baada ya tukio la Novemba 2018 juu ya milima ya Uswisi, iligundulika kwamba rubani msaidizi wa shirika la taifa, aliyelifanyia kazi kwa miaka zaidi ya ishirini, alikuwa na leseni ya ATPL ya kughushi. CPL yake ilikuwa ya kweli. Usipokee nakala ya leseni kutoka mkononi mwa mwombaji ukatosheka. Iandikie mamlaka iliyoitoa, nayo ikujibu wewe moja kwa moja.

Kwa upande wa fedha, wasome mkataba wao wa bima, kifungu cha marubani. Karibu kila mkataba unataja kiwango cha saa za jumla na saa za aina ya ndege. Rubani asiyezifikia akiwa kwenye usukani, bima ina sababu ya kukataa kulipa, na fidia ya abiria na ndege yenyewe inabaki kwa kampuni.

DawatiLaNdege, Unguja

Mungu awalipe kheri. Swali la mwisho: katika wale wanne, mmoja ana mistari sita ya Caravan yenye namba ya ndege ambayo kwa tarehe hizo ilikuwa hanga. Nifanye nini naye?

MezaYaUsalama

Usimtangaze, na usimpigie simu mwenye kampuni yake ya zamani kumwambia “mtu wako mwongo”. Mwezi wa sita 2020, waziri wa anga wa Pakistan alisimama bungeni akasema marubani 262 kati ya 860 wana leseni za mashaka. Siku chache baadaye Ulaya ikalifungia PIA, shirika la ndege la taifa la Pakistan, kuruka huko. Kisha majina mengi yakaondolewa kwenye orodha baada ya kuhakikiwa, lakini marubani Wapakistani walikuwa wameshasimamishwa kazi katika nchi nyingine. Shirika lenyewe lilikaa hadi mwishoni mwa 2024 ndipo Ulaya ikaondoa kizuizi.

Mwandikie mwombaji barua ya kawaida, umtajie mistari hiyo sita kwa tarehe na namba, umwombe maelezo na karatasi za kuunga mkono: ukurasa wa teklogi, ratiba ya zamu, jina la kapteni. Mpe wiki mbili. Huenda kaandika namba ya ndege dada yake, na teklogi ya ile nyingine itamwonesha mara moja. FundiHanga anajua hilo hutokea, khasa kampuni ikiwa na Caravan tatu zinazobadilishana siku moja.

Asipokuwa na maelezo, peleka jambo TCAA kitengo cha leseni, kwa barua, ukiambatisha nakala za kurasa za kitabu chake na za hanga, bila ya kuandika hukumu yako. Andika ulichokiona tu. Ukimrudishia karatasi zake kimya kimya, wiki ijayo zitakuwa mezani kwa kampuni ya jirani, na huyo jirani hatakuwa na karatasi za hanga ulizonazo wewe. Weka faili la nakala zote, na barua ipelekwe kwa mkono, ikapigwe muhuri wa kupokelewa.

FundiHanga

Ndivyo. Na hizo karatasi za hanga ziombe leo, ndugu yangu, kabla hazijahamishiwa ghala la kumbukumbu. Omba karatasi ya kazi na cheti cha kurudishwa kazini, vyote viwili, kwa sababu tarehe ya kuingia peke yake haioneshi ndege ilitoka lini.